Kwa Nini Nyumbani Pamenichosha Kuliko Ng'ambo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nimeona nilijibu swali lako kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu tungekatizana kabla sijafika mahali ninapotaka kufika. Umeniuliza inakuwaje mtu aliyefanya kazi ya uuguzi katika nchi zenye vita na maradhi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ambaye alikuwa akirudi likizo akiwa mkakamavu, leo amekonda kwa kumuuguza mama yake mzazi ndani ya chumba kimoja, tangu bibi yako alipopatwa na kiharusi. Umeuliza pia, kwa upole ambao nimeuona, kama uchovu huo ni dalili kwamba moyo wangu haumo katika kazi hii. Moyo wangu umo, mwanangu, na ningependa ujue uchovu huu unatoka wapi, maana na wewe unakuhusu.

Nianze na kule unakodhani kulikuwa kugumu zaidi. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 ulipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone, nami nilikwenda, na wewe ulibaki ukifuatilia habari kwa hofu. Hadi ulipokwisha mwaka 2016, zaidi ya watu 28,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,000 wamefariki, wakiwamo wauguzi wenzetu wengi. Kwa hiyo sishangai ulipofikiri kwamba kazi ile haikuwa na mipaka. Ukweli ni kwamba sijawahi kufanya kazi yenye mipaka mikali kama ile. Kwa sababu ya joto la mavazi ya kujikinga, hatukuruhusiwa kukaa katika eneo la wagonjwa zaidi ya saa moja hivi. Tuliingia wawili wawili, kila mmoja akiwa amemkagua mwenzake kuanzia miwani hadi buti, na wakati wa kuvua alisimama mtu mbele yetu akitutajia hatua moja baada ya nyingine, tukinawa mikono yenye glavu kwa maji ya klorini kila tulipovua kitu. Ukihisi kizunguzungu, ulimwambia mwenzako na mkatoka wote wawili, wala hakuna aliyekuuliza kama kweli unawapenda wagonjwa.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi ni makabidhiano. Karatasi iliyoingia kwa wagonjwa haikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo tulisimama kwenye uzio tukiwa bado ndani ya mavazi yale, tukamsomea kwa sauti mwenzetu wa upande wa pili hali ya kila mgonjwa: nani amekunywa na kiasi gani, nani ametapika, nani amekataa kuamka, naye akaandika. Hata pale, katikati ya vifo, hakuna muuguzi aliyeondoka na mgonjwa kichwani mwake peke yake. Ndivyo ilivyokuwa pia katika wodi za watoto wenye utapiamlo mkali, ambako maziwa ya tiba hutolewa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Saa nane za usiku mtoto alilishwa na mtu aliyelala mchana, na asubuhi nilikuta kwenye chati yake alichokunywa na alichobakiza.

Sasa njoo nyumbani. Bibi yako amepooza upande wa kushoto na hawezi kujigeuza, kwa hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, kama tulivyofundishwa wodini, ili asipate vidonda vya kulala. Kila ninapomgeuza naangalia visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi, kwa hiyo natumia mgongo wa mkono wangu kutafuta mahali penye joto kuliko pengine, kisha vidole kutafuta mahali pagumu, na nikipapata simlazi tena upande huo mpaka papoe. Akila ni lazima awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo kama mtaalamu alivyotuelekeza, kijiko kisijae, na kabla ya kijiko kingine nihakikishe amemeza, kwa sababu chakula hujificha ndani ya shavu lililopooza na baadaye kinaweza kuteremka mapafuni. Akimaliza haruhusiwi kulala kwa muda wa nusu saa. Kumvisha blauzi kuna utaratibu wake: mkono uliopooza huingia kwanza na wakati wa kuvua hutoka mwisho, na hata siku moja mkono huo hauvutwi, kwa kuwa misuli ya bega imelegea na kiungo kinaweza kuteguka.

Hayo yote nayajua, na wodini nimeyafanya kwa wagonjwa wengi katika zamu moja. Tofauti ni kwamba hapa zamu haikuwa na mwisho. Miezi ya mwanzo nilikuwa mimi wa asubuhi, mimi wa jioni na mimi wa usiku. Kwa kuwa mimi ndiye muuguzi, kila mtu katika ukoo aliona mgonjwa yuko katika mikono salama, na kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka akiwa ametulia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Utaalamu wangu, ambao kule uliwekewa ulinzi wa zamu na mapumziko, hapa umekuwa sababu ya watu kudhani sihitaji msaada.

Liko na jambo jingine, nalo haliondolewi na zamu yoyote. Mgonjwa wa ng'ambo hakunijua nilivyokuwa mtoto. Bibi yako ananijua. Nikimwosha hugeuza uso ukutani, yeye aliyeniosha mimi. Siku nyingine hufumba mdomo na kukataa chakula kutoka kwangu, kisha akakipokea kutoka kwa mgeni, nami najua kitaalamu kwamba kiharusi hubadili hisia za mtu, lakini ujuzi huo hauzuii koo langu kukaba. Wodini nilifundishwa kutochukua maneno ya mgonjwa kama yangu. Kwa mama yangu sijaweza, na sidhani kama ninataka kuweza.

Huenda utasema, mbona miaka ile yote ulikwenda na nyumbani hapakuharibika? Hapakuharibika kwa sababu mama yako mdogo alikuwepo. Babu yako alipougua, mimi nilituma fedha na kupiga simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ina wauguzi wapatao milioni 30, na kwamba muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Wengi wao ni wanawake, yaani watu wale wale ambao familia huwategemea mgonjwa anapotokea nyumbani. Ninapoisoma hesabu hiyo huwa nafikiria waliobaki, ambao hawamo katika ripoti yoyote wala hawalipwi mshahara, na ambao bila wao sisi tusingeondoka. Mwaka 2010 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana juu ya kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, ili nchi zenye upungufu zisinyang'anywe watu wao. Ni jambo jema na naliunga mkono. Lakini makubaliano ya nani atabaki na mzazi hayaandikwi na serikali yoyote. Tunayafanya sisi wenyewe, na mara nyingi hatuyafanyi, tunamwachia tu aliye karibu.

Kwa hiyo nimeamua kuileta wodi nyumbani, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Kando ya kitanda kuna daftari lenye mistari ya saa: kugeuzwa, kula, dawa, mkojo, presha, na nafasi ya maelezo. Dada anayetusaidia mchana amejifunza kulijaza, na anaandika vizuri kuliko wauguzi kadhaa niliowahi kufanya nao kazi. Mjomba wako amechukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mwanzoni alikuwa akiniita kwa kila kikohozi, sasa ninalala mpaka asubuhi, nikiamka anisomee daftari tukiwa tumesimama mlangoni, kisha ndipo anakwenda kupumzika. Mama yako mdogo sijampangia zamu. Ya kwake aliimaliza kwa babu yako, na nimewaambia ndugu zangu wote hivyo bila kumung'unya maneno.

Umeniandikia kwamba uko tayari kuongeza fedha. Nashukuru, na nepi za watu wazima hazijinunui zenyewe, basi usiache. Ila nakuomba pia mwili wako. Njoo ukae siku za kutosha kujifunza: siku mbili za kwanza utanitazama, mbili zitakazofuata utafanya mimi nikikutazama, kisha nitaondoka kabisa nyumbani, nikalale kwa mama yako mdogo, nawe utabaki na bibi yako na daftari. Usiogope kwamba wewe si muuguzi. Kumgeuza mtu kwa shuka bila kuumiza mgongo wako ni jambo la kufundishika, na subira ya kijiko unayo tangu utotoni.

Kata kucha kabla ya kuja, na ulete viatu visivyoteleza. Bibi akikugeuzia uso siku ya kwanza, endelea kuongea naye kwa sauti ya kawaida, kwani maneno yamempungukia lakini kusikia anasikia. Niandikie tarehe unayoweza kupata ruhusa kazini, nami nitaipanga zamu yako daftarini kuanzia siku hiyo na kumjulisha mjomba wako.

Nakupenda sana.

Mama yako