Polisi au chuo? Kabla hujabeba begi, andika barua

Juzi usiku nilikuwa kaunta ya kituo na konstebo mpya, wiki ya tatu tangu atoke chuo cha polisi Moshi, buti bado zinang'aa kama za siku ya gwaride. Simu yake ikalia, akasoma ujumbe, akacheka. CR, yaani kiongozi wa darasa lake la zamani chuoni, anauliza kama atarudi, maana jina lake bado lipo kwenye orodha ya mahudhurio. Kumbe dogo alikuwa mwaka wa pili chuo, majina ya polisi yakatoka, akabeba begi. Nikamuuliza, "Uliandika barua ya kuahirisha masomo?" Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini.

"Barua gani, afande?"

Kila kundi linalotoka depo, mafunzo ya awali ya polisi, linaniletea mmoja wa namna hii. Na sasa ndiyo msimu wenu. Mnarudi kutoka JKT, Ruvu, Makutupora, Bulombora, kifua mbele na sauti zimekauka kwa nyimbo, matokeo ya kidato cha sita mkononi, dirisha la udahili limefunguliwa, halafu mnanipigia mmoja mmoja: "Bro, polisi au chuo?" Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanipigia nikiwa lindo. Naandika mara moja, someni.

1. Anza na hesabu ya umri. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka wa kidato cha nne na cha sita wawe na miaka 18 hadi 25, na wenye shahada hadi 30. Kwa hiyo mwenye miaka 20 leo akisoma shahada ya miaka mitatu anatoka na 23, na mlango bado haujafungwa. Mwenye 24 na anayeitaka kazi hii kwa moyo wote, hana muda wa kuzungukazunguka. Usipige hesabu kana kwamba tangazo lina tarehe yake kama mtihani wa NECTA. Na pima urefu wako nyumbani kabla ya kutumia nauli: futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Nimemwona jamaa mwenye GPA nzuri tu akisimama kwa vidole mbele ya kipimo. Mkaguzi hakusema neno, alimtazama visigino mpaka vikashuka vyenyewe.

2. Shahada haikuokoi na tope. Kombania yetu ilikuwa na injinia mzima, kamaliza chuo kikuu miaka minne, na alitambaa tope lilelile nililotambaa mimi wa kidato cha sita. Kuruta ni kuruta. Tulimaliza tukiwa makonstebo wote. Alikuwa mbovu wa kwata sijapata kuona, kushoto kwake kulikuwa kulia kwetu. Sasa usikimbilie kusema chuo hakina maana. Huyo injinia leo nikikutana naye nampigia saluti, na anaipokea kwa madaha ya mtu anayekumbuka nani alikuwa anamcheka.

3. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linachanganya watu. Shilingi 10,000 kwa siku, ukipewa ya miezi miwili kwa mpigo unajiona waziri, lakini lile ni deni. Mshahara wa konstebo ni wako, ila ukoo mzima unajua tarehe unaingia.

4. Usitoroke. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa kwanza, ualimu, Jiografia na Kiswahili. Mkopo ulilipa sehemu ya ada, sehemu iliyobaki mama alikopa vikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Niliomba polisi kimyakimya, nikaenda usaili kimyakimya, nikaitwa Moshi. Jumanne boom likaingia. Jumatano usiku nikaondoka na begi moja na ufunguo wa chumba mfukoni. Mwenzangu wa chumbani nilimwambia naenda msibani. Mama sikumwambia chochote, maana alishatangaza kijiji kizima kwamba mwanawe atakuwa mwalimu, na nilipanga kumpa habari nikiwa tayari nimevaa sare. Nilidhani ile sare ingesema kwa niaba yangu.

Depo simu hakuna. Wiki ya tatu au ya nne mama, akiona kimya kimezidi, akapiga namba ya yule mwenzangu, ambayo niliwahi kuiazima. Akauliza, "Mwanangu anaumwa?" Kijana wa watu akajibu kwa heshima zote: "Pole na msiba, mama. Si alikuja huko nyumbani?"

Jaribu kukaa kwenye kiti cha huyo mama. Nyumbani hakuna msiba, chuoni mtoto hayupo, simu haipatikani. Alipanda basi mpaka chuoni. Ofisini wakamwambia jina lipo, mwanafunzi hayupo, barua haipo. Akaambiwa aende kituo cha polisi. Akaenda, akaandikisha taarifa ya kupotea kwa mwanawe, akapewa RB, karatasi yenye namba ya taarifa hiyo. Yaani ndani ya kitabu cha jeshi hilihili nilikuwa nimeandikwa mtu aliyepotea, rangi maji ya kunde, kovu kwenye paji la uso, na saa hiyohiyo mimi nipo Moshi kwenye mchakamchaka, naimba kwa nguvu kuliko wote.

Tulipopata ruhusa ya kupiga simu ilikuwa imeshapita miezi miwili. Nilipiga nikiwa na hotuba yangu kichwani. Akapokea. Nikasema, "Mama, shikamoo." Kimya. Nikarudia. Akauliza, "Wewe nani?" Siyo kwamba hakuijua sauti. Nikamweleza, hotuba yote ikawa sentensi mbili. Akasema, "Sawa. Nitarudisha ile karatasi kituoni." Akakata. Hakuirudisha. Aliitunza kwenye Biblia, na nilipokwenda likizo ya kwanza nimevaa sare aliitoa akaiweka mezani mbele yangu, kisha akaenda kunipikia. Vikoba aliendelea kulipa mpaka mwaka uliofuata. Nilipotaka kumrudishia alikataa kwa miezi, akapokea siku moja tu aliyoamua mwenyewe.

Hiyo ni bei ya nyumbani. Bei ya ofisini nayo ipo. Bodi ya Mikopo haijali kama ulimaliza au ulitoroka. Nikaanza kukatwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa 2016, ikawa asilimia 15 ya mshahara. Miaka nakatwa kulipia ualimu ambao sikuufundisha hata kipindi kimoja. Nilipotaka kusoma tena, rekodi yangu ya chuo cha kwanza ilisoma kwamba nimetoroka masomo, na nikasafiri mara tatu kuisafisha. Mara ya tatu dada wa pale ofisini akaniuliza, "Na ufunguo wa chumba?" Nilikuwa nao.

Na haya yote yangezuiwa na ukurasa mmoja: Msajili, naomba kuahirisha masomo, sababu hizi, saini. Nakala kwa mkuu wa idara, nakala yako mwenyewe yenye muhuri. Halafu simu moja kwa mama.

5. Yeyote anayekuomba hela ili jina lako litoke ni tapeli, na nimepokea malalamiko hayo kaunta mara nyingi mno, likiwemo la kijana aliyemaliza kutoa maelezo yake akaniuliza kama mimi ninaweza kumsaidia kwa bei nafuu zaidi.

6. Majina ya NIDA na ya vyeti yafanane kabla hujaomba, si baada ya kuitwa.

7. Ukichagua polisi ukiwaza "nitasoma hukohuko," inawezekana, mimi nimesoma, Chuo Kikuu Huria, lakini omba kibali kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Na jiandae. Mwaka 2020 ulikuwa wa uchaguzi, muhula mzima uliniponyoka, kitabu nimekibeba kwenye mkoba wa mvua kikarudi kimelowa na sijafungua ukurasa. Shahada ya miaka mitatu imenichukua sita, kwa ada ya mfukoni, maana mkopo wa serikali unakwenda kwa asiye na ajira. Wenzangu wa chuo walionibeza kwa kukimbia, mmoja ni mwalimu mkuu sasa. Mwingine alihangaika mtaani miaka minne na shahada yake, akaniomba nimwambie majina yanatoka lini. Kwa hiyo msinitafute niseme kipi bora.

Turudi kwa dogo wa kaunta. Nilimpa karatasi na kalamu palepale, saa nane usiku, kituo kimetulia, mlevi mmoja tu anakoroma mahabusu. Barua imechelewa karibu mwaka, lakini iliyochelewa ina afadhali kuliko ya kwangu, ambayo haikuandikwa. Akaandika anuani, akaandika "YAH:", akakwama.

"Afande, sababu niweke nini? Niseme nilikuwa na msiba?"

Nilimnyang'anya kalamu.