Kwa nini "turn it off" ni sahihi, lakini "turn off it" si sahihi?

Swali: Ninafundisha darasa la saba mjini Jinja. Wanafunzi wakiandika "turn off it" ninawasahihisha, nao huuliza mbona "look after it" inakubaliwa ilhali maneno yamepangwa vilevile. Je, ipo kanuni ya kuwapa?

Jibu: Ipo, Mwalimu, na wanafunzi wako wameuliza jambo la msingi kabisa. Maneno mafupi yanayofuata vitenzi vya Kiingereza hufanana kwa umbo, lakini hayafanyi kazi moja. Katika "turn off", neno "off" ni kielezi kilichoungana na kitenzi, hivyo yambwa (kile kinachotendwa) ikiwa nomino yaweza kukaa baada yake au kabla yake: "turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi. Yambwa ikiwa kiwakilishi kama "it" au "them", ni lazima ikae katikati. Katika "look after", kwa upande mwingine, "after" ni kihusishi, na kihusishi hutangulia jina lake daima, liwe nomino au kiwakilishi.

Neno lilelile laweza kushika kazi zote mbili. Mtu aliyepanda kilima mbio "ran up the hill", nasi tukitumia kiwakilishi tutasema "ran up it". Aliyejilimbikizia deni "ran up a debt", na hapo tutasema "ran it up". Kwa hiyo orodha ya vielezi na vihusishi ubaoni haitoshi; kipimo cha kuaminika ni kiwakilishi. Sikio nalo husaidia, kwa kuwa kielezi hutamkwa kwa mkazo, ilhali kihusishi kama "at" katika "look at it" hupita bila mkazo.

Vipo pia vitenzi vinavyobeba kielezi na kihusishi kwa pamoja, kama "put up with" (kuvumilia) na "look forward to". Hiki cha pili huwaponza hata watu wazima wanaoandika barua za kazi, kwa sababu "to" hapo ni kihusishi. Huandikwa "I look forward to seeing you", wala si "to see you".

Makosa mengine yanatokana na lugha zetu wenyewe, na sioni sababu ya kumwaibisha mtoto kwa hayo. Kiswahili hubadilisha kitenzi kwa ndani, "kimbia" kikawa "kimbilia", na Kiganda vivyo hivyo hutoa "okukolera" katika "okukola", kwa hiyo neno dogo lililosimama peke yake halina makao katika mazoea ya mtoto. Ndiyo maana, nadhani, tunasikia "I will pick you at five" bila "up", na kinyume chake "discuss about" na "cope up with", ambapo neno limeongezwa pasipohitajika.

Nashauri usiwakaririshe vitenzi hivi vikiwa vitupu. Kila kimoja kiandikwe daftarini pamoja na "it": "put it off" kwa kuahirisha, "put it out" kwa kuzima moto, "look after it" kwa kutunza, "put up with it" kwa kuvumilia. Mwanafunzi atakuwa amejifunza maana na mpangilio kwa wakati mmoja, hata kabla hujamtajia majina ya kisarufi.