Njia ya changarawe vijijini Ufaransa kwa asiyezoea milima

Ndugu, kwa kuwa miguu yako haijazoea milima, anza na Passa Païs, njia ya baiskeli kusini mwa Ufaransa: kilomita 80 hivi kutoka Mazamet hadi Bédarieux, juu ya tuta la reli ya zamani. Reli haijengwi kwenye mwinuko mkali, kwa hiyo utapanda taratibu. Changarawe imeshindiliwa, tairi za milimita 38 au 40 zinatosha kabisa. Beba taa, kuna mahandaki. Mazamet unafika kwa treni kutoka Toulouse.

Olargues usipapite tu, lala pale! Kijiji kiko juu ya mwamba, chini mto Jaur na daraja la mawe la Zama za Kati. Pazuri mno.

Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Mkate nunua asubuhi.