Swali la lugha: "Dawa za sukari zinazotolewa kwa udhibiti"

SWALI: Natafsiri makala ya afya kuhusu heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kimaumbile ni mnyororo wa sukari, na watafiti huifunga ndani ya jeli ili isiishe upesi mwilini. Nimeandika "dawa za sukari zinazotolewa kwa udhibiti". Je, ni sahihi?

JIBU: Kisarufi hujakosea, ila msomaji ataelewa kitu kingine kabisa. Mtu akisema anatumia dawa ya sukari, sote tunajua ana kisukari: anameza metformini au anachoma insulini. Ni kama dawa ya malaria au dawa ya minyoo. Kweli, tunasema pia dawa ya mitishamba, ambapo -a huonyesha asili, lakini sukari imekwisha kuwa jina la ugonjwa na maana hiyo ndiyo itakayoshinda. Andika "dawa zenye asili ya sukari", kisha ufafanue kwamba hii si sukari ya chai; heparini hupatikana hasa kwenye utumbo wa nguruwe. Usilifiche hilo, kuna wasomaji ambao ni jambo zito kwao.

"Zinazotolewa" nako kuna utata, kwa kuwa dawa hutolewa dirishani na mfamasia. Ukiongeza "kwa udhibiti", umemfikisha msomaji kwenye mofini na dawa nyingine zinazobanwa na sheria.

Wengine huandika "inayotoka polepole mwilini". Hapo dawa inauhama mwili! Tena polepole ni mwendo, na mgonjwa atadhani nafuu itachelewa. Kidogo kidogo ni kiasi, na kiasi ndicho kinachozungumziwa. Heparini ya kawaida ikichomwa kwenye mshipa, nusu yake huondoka katika damu kwa takriban saa 1 hadi 1 na nusu; jeli inakusudiwa kuigawa. Kwa hiyo: "jeli inayoachia dawa kidogo kidogo ndani ya mwili".

Jihadhari pia na "kuyeyuka taratibu", maneno yanayopendwa sana kwa vidonge vinavyoachia dawa kidogo kidogo. Baadhi ya vidonge vya metformini vya aina hii huachia dawa yote, kisha ganda likaonekana chooni. Aliyeambiwa kidonge kitayeyuka ataona hakikufanya kazi, pengine ameze kingine. Mwandikie hivi: "Kidonge hiki huachia dawa kidogo kidogo. Kimeze kizima, usikitafune wala kukisaga. Ukiona ganda chooni, dawa imeshaingia mwilini, usirudie dozi."