Maswali ya Wasomaji: Godauni la Alizeti Kuwa Nyumba ya Mwanga

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Kikundi chetu kimepewa godauni lililokuwa la kukamulia alizeti hapa Kizota, Dodoma. Kuta ni za tofali, paa ni la bati, na mashine zimeshaondolewa. Tulisoma kwamba Ujerumani kuna kiwanda cha bia kilichogeuzwa makumbusho ya sanaa ya mwanga, nasi tukanunua taa za rangi za kutosha. Usiku wa majaribio ukumbi ukaonekana kama wa harusi. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmeanza na taa kabla ya giza. Kiwanda mnachokisema kiko mji wa Unna. Kiliacha kupika bia mwaka 1979, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 2001 katika maghala yake yaliyo mita 10 hivi chini ya ardhi. Mwanga wa jua haufiki huko, kwa hiyo kila msanii ana chumba chake na kila chumba kina kazi moja tu. Hapo ndipo penye siri. Taa 40 katika ukumbi mmoja zinauana zenyewe kwa zenyewe.

Ninyi mko chini ya bati, tena kwa jua la Dodoma. Fungeni milango yote saa 6 mchana, kaeni ndani dakika 15 mpaka macho yazoee, kisha zungusheni chaki kila penye nukta ya mwanga. Matundu ya misumari yazibeni kwa silikoni, na pale bati linapokutana na ukuta jazeni chokaa na saruji. Mlangoni msitegemee pazia. Jengeni ujia wenye kona mbili, upana mita 1.2 ili kiti cha magurudumu kipite, na ndani yake upakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Rangi itawasumbua. Ukuta uliolowa mafuta ya alizeti haushiki rangi ya maji. Baada ya muda itabanduka kama ganda. Sugueni kwanza kwa maji ya moto na sabuni kali, acheni ukauke kabisa, pakeni praima ya mafuta, ndipo ije nyeusi. Na tafadhali sana: matambara mliyofutia mafuta hayo msiyarundike kona moja. Mafuta ya alizeti yakikauka kwenye kitambaa hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yaanikeni nje moja moja, au yazamisheni kwenye ndoo ya maji.

Hewa nayo isisahaulike. Toboeni matundu chini upande wa upepo na mengine juu upande wa pili, kila moja likifunikwa kwa boksi la bati lenye kona mbili. Hewa itapita, mwanga utabaki nje.

SWALI: Pale Unna kuna kazi ya msanii Olafur Eliasson ambapo maji yanayoanguka yanaonekana yamesimama hewani. Tunaweza kufanya kitu cha namna hiyo?

JIBU: Mnaweza, kwa gharama ndogo. Chukueni mpira mwembamba wa maji, kipenyo cha ndani milimita 5, muufunge ncha yake iguse koni ya spika ya inchi 8. Pigeni kwenye spika mlio wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Maji yatakatika kuwa matone 50 kila sekunde. Kisha taa ya LED imweke mara 50 kwa sekunde: matone yatasimama. Punguzeni hadi 49, yatashuka polepole. Ongezeni hadi 51, yatapanda juu, na hapo hata mtu mzima huachama.

Kinachoharibu ni mmweko mrefu. Tone likishaanguka mita 1 lina mwendo wa zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Mmweko wa milisekunde 5 utalichora kama mchirizi wa sentimita 2. Tumieni milisekunde 1, na taa nyingine zote ziwe zimezimwa.

Kila kilicho karibu na maji kiwe cha volti 12, na laini nzima ipitie swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Wekeni tangazo mlangoni kwa wenye kifafa, na njia nyingine ya kupita. Mimweko ya taa isiwe kamwe kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Hapo ndipo hatari ni kubwa zaidi.

SWALI: Na umeme ukikatika?

JIBU: Tengeni chumba kimoja kisichouhitaji. Toboeni tundu la sentimita 1 kwenye kipande cha bati, mkiweke ukutani, na mita 2 ndani mtundike shuka jeupe. Barabara itajichora pale kwa rangi zake, juu chini: bodaboda zinapita matairi yakiwa juu, mbingu iko miguuni. Asubuhi fungueni tundu la ukuta wa magharibi, alasiri la mashariki, ili jua limulike kile kinachotazamwa. Wageni wakae dakika 10 kabla ya kusema hawaoni kitu.