Lodi aliyeuacha ulodi ili awe waziri mkuu
Ndugu, uliuliza kama kuna lodi aliyewahi kuvua cheo cha ukoo apate uwaziri mkuu wa Uingereza. Yupo: Alec Douglas-Home, mwaka 1963. Alikuwa Earl (cheo cha kilodi cha kurithi) wa 14 wa Home, na sheria iliyomruhusu kuuacha ulodi ilikuwa na miezi michache tu. Kichekesho ni kwamba kwa wiki mbili hivi, hadi aliposhinda uchaguzi mdogo huko Scotland, waziri mkuu hakuwa kwenye Bunge la Malodi wala la Makabwela! Kenya na Zanzibar zilipata uhuru yeye akiwa madarakani. Oktoba 1964 akaangushwa kwenye uchaguzi na Harold Wilson wa chama cha Labour. Baadaye alirudi Mambo ya Nje, 1970 hadi 1974, na nadhani hapo ndipo palimfaa zaidi.