Saplai inasoma volti 5, bodi inapata 4.5: namna ya kufunga waya za sensi

Mkuu, umeuliza kwa nini kioo cha pawa saplai yako kinasoma 5.00 V wakati mita ukiigusisha kwenye bodi inasoma 4.5, na kama ni salama kufunga zile tamino za S+ na S- za nyuma. Ni salama, lakini mimi ziliwahi kuniunguzia bodi ya mteja, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujashika bisibisi.

Hiyo nusu volti inaliwa njiani. Waya ya shaba ya 1.5 mm² ina kama miliomu 11.5 kwa kila mita. Mita 2 kwenda na 2 kurudi ni miliomu 46. Ukivuta ampea 10, volti 0.46 zimeshapotea. Waya za sensi, yaani zile zinazofungwa kwenye S+ na S-, hazibebi mzigo. Zinaipelekea saplai habari ya volti zilizofika, nayo inaongeza zilizopungua. Ndiyo maana hata waya nyembamba inatosha.

Shida ni kwamba saplai inaamini chochote inachoambiwa. Mimi nilibana S+ kwa klipu ya mamba. Nikasogeza bodi kidogo nipate mwanga, klipu ikachomoka. Saplai ikaona volti zimeshuka, ikapandisha. Kapasita za bodi, ambazo mwisho wake ni 6.3 V, zikavimba vichwa, moja ikapasuka kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Saplai nyingi nzuri zina rezista ndani za kuzuia hilo waya ikikatika. Yangu haikuwa nazo.

Siku hizi nazima kwanza, nangoja kioo kishuke hadi sifuri, ndipo natoa vile vibati vinavyounganisha S na tamino kubwa. Ukivisahau, sehemu ya mkondo wa mzigo itapita kwenye waya zako nyembamba. S+ inaenda kwenye chanya ya bodi, S- kwenye hasi, zimesokotwa pamoja na kulehemiwa au kukazwa kwa skrubu. Klipu sitaki tena kuiona hapo. Hakikisha hujazigeuza, maana saplai itapandisha hadi mwisho wake. Fyuzi na swichi visikae kwenye waya hizo kabisa.

Kinga ya volti kuzidi, ile inayokata saplai volti zikipita kiwango ulichoweka, mimi naiweka 6.0 V. Ukiiweka 5.2 itakata bure, kwa sababu saplai nyingi hupima kinga hiyo kwenye tamino zake zenyewe, na pale lazima volti ziwe juu ya 5 ili bodi ipate 5.

Bodi usiifunge bado. Anza na rezista ya omu 1, ya wati 50, ambayo itavuta ampea 5. Weka mita kwenye rezista: 5.00. Ihamishie kwenye tamino za saplai: kwa waya za urefu ule, utaona kama 5.23. Ukikuta 5.00 kwenye tamino na pungufu ya hapo kwenye rezista, kuna kitu umekosea kufunga. Zima, urudi kwenye vibati.